Rahisi, Nafuu, na Baiskeli ya Matope

Neno rahisi lilitufikia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kitu kisicho na bei kubwa. Waswahili wakalipokea kwa maana hiyo, kisha wakaliongezea nyingine: jambo lisilo na ugumu. Leo mtihani huwa rahisi, njia huwa rahisi, na nyanya za sokoni nazo huwa rahisi. Neno nafuu pia ni la Kiarabu, na limetoka katika shina lile lile lililotupa manufaa. Mgonjwa ambaye homa imemshuka amepata nafuu. Mnunuzi aliyeondoka na kitu kizuri kwa fedha chache amekipata kwa bei nafuu. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya mawili huazimana nafasi, na hakuna anayelalamika. Lakini kuna wakati ambapo mtu hulazimika kuyatenga, na kwangu wakati huo ulifika mwaka jana, katika wiki sita za kumtafutia binti yangu baiskeli ya mashindano.

Ninaishi Ghent, Ubelgiji, na huu ni mwaka wangu wa kumi na saba hapa. Nilizaliwa na kulelewa Tanga. Binti yangu, mwenye umri wa miaka 15, amezaliwa hapa hapa, na michezo anayoipenda ni ya hapa hapa. Asiyeishi Flandria huenda hajawahi kuusikia mchezo wenyewe, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie niueleze kwanza.

Unaitwa saiklokrosi. Wenyeji husema veldrijden, yaani kuendesha baiskeli shambani, na jina hilo ni la kweli kabisa. Msimu wake huanza Septemba na kumalizika Februari, miezi ambayo watu wenye busara hukaa karibu na moto. Washindani huzunguka njia fupi ya kilomita mbili na nusu hadi tatu na nusu, iliyopita katika majani, tope, mchanga, miinamo na ngazi. Mahali fulani huwekwa mbao mbili, kila moja ikiwa na kimo cha hadi sentimita 40, zikaachana kwa mita nne. Wachache wenye ustadi huziruka wakiwa juu ya baiskeli. Wengine hushuka wakikimbia, huinua baiskeli, huvuka, kisha hupanda tena bila kusimama. Palipo na mlima wa utelezi au ngazi, mshindani huipitisha baiskeli begani na kukimbia nayo. Wanaume wa daraja la juu hushindana kwa muda wa saa moja hivi. Vijana wa umri wa binti yangu hushindana kwa karibu nusu saa. Nusu saa hiyo si ya mchezo. Mara ya kwanza nilipowaona watoto wakivuka mstari wa mwisho, nyuso zao zilikuwa nyeusi kwa tope, yakaonekana macho na meno tu.

Ufaransa ndiko mchezo huu ulikochukua sura. Husemwa kwamba mwanajeshi mmoja, Daniel Gousseau, ndiye aliyeandaa mashindano ya kwanza ya taifa mwaka 1902. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka 1950, na mshindi akawa Jean Robic, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa ameshinda Tour de France. Baadaye Wabelgiji waliuchukua mchezo wakaufanya wao. Eric De Vlaeminck alitwaa ubingwa wa dunia mara saba, na jina la Sven Nys hapa hutajwa hata na bibi wasiojua kuendesha baiskeli. Wanawake walisubiri: mashindano yao ya dunia yalianza mwaka 2000, nusu karne baada ya yale ya wanaume. Binti yangu ameyakariri hayo yote. Ukutani mwa chumba chake kuna picha ya Sanne Cant, Mbelgiji aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2017, 2018 na 2019.

Klabu ya mtaani kwetu ilimwazima baiskeli kwa msimu mmoja. Ilikuwa kubwa kwake kidogo, na imepitia mikono ya watoto wengi, lakini aliipenda. Kisha ikaja barua ya klabu: baiskeli za kuazima zirudishwe kabla ya mwisho wa Septemba, ziwafae wanaoanza. Anayetaka kuendelea atafute yake.

Nikaenda dukani kuangalia bei. Baiskeli mpya ya saiklokrosi iliyotayarishwa kwa mashindano ilikuwa ikiuzwa zaidi ya euro 2,500, na zile ambazo mabingwa huziendesha zilipita maradufu ya hiyo. Sisi tulikuwa na euro 700. Tulikuwa na fedha nyingine zaidi ya hizo, lakini zilikuwa na jina tayari: zilikuwa nauli ya kwenda Tanga mwezi wa Desemba. Mama yangu ana miaka 81. Mara ya mwisho binti yangu kumwona alikuwa na miaka 9, na tangu hapo wamejuana kwa simu. Kwa hiyo kila euro iliyozidi 700 ingekatwa kwenye safari hiyo, na tiketi ya ndege haikatwi nusu. Hayo nilimweleza binti yangu waziwazi, kwa sababu ana umri wa kuelewa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, kwa Kiflemi, kwamba mia saba zitatosha.

Mama alipoambiwa habari hii aliuliza kiasi hicho ni shilingi ngapi. Nikamwambia inakaribia milioni mbili.

"Mwanangu, baiskeli ya milioni mbili inakwenda kwa injini?"

"La, Mama. Inakwenda kwa miguu. Na penye tope jingi mwenyewe huibeba begani."

Akafikiri. "Basi hapo nani amempanda mwenziwe?"

Swali la Mama lilinichekesha, lakini pia lilinipa kipimo cha kwanza. Baiskeli ya kawaida huchaguliwa kwa namna inavyombeba mtu. Hii yapasa ichaguliwe pia kwa namna mtu anavyoibeba. Ukitazama kwa jicho hilo, mambo mengi yaliyoandikwa kwenye vibao vya bei hupoteza uzito, na mengine ambayo muuzaji hayataji huja mbele.

La kwanza ni fremu. Sehemu ya ndani ya pembetatu yake iwe pana kiasi cha kupitisha mkono na bega, na bomba la juu liwe laini upande wa chini, lisiwe na nyaya zitakazomkata mtu shingoni anapokimbia. Baina ya tairi na fremu, na baina ya tairi na uma, pawe na nafasi ya kutosha tope kupita, kwa maana tope la Flandria likichanganyika na majani hugeuka kuwa kama udongo wa mfinyanzi, na gurudumu husimama kabisa. Juu ya yote, fremu imwenee mwenye nayo. Baiskeli ndefu mno haiponi kwa kubadilisha kiti wala usukani, na mtoto anayejinyoosha kuufikia usukani hawezi kuiamuru baiskeli penye utelezi.

La pili ni breki. Kwa miongo mingi mabingwa walitumia breki za mikono miwili midogo inayobana ukingo wa gurudumu, kwa sababu ziliacha nafasi ya tope. Ubaya wake ni kwamba ukingo ukilowa, breki hukawia kushika. Mwaka 2010 shirikisho la kimataifa, UCI, liliruhusu breki za diski katika mchezo huu, na polepole zikazishinda zile za zamani. Diski ziko za aina mbili: za mafuta, ambazo hushika kwa mguso wa kidole, na za waya, ambazo huhitaji nguvu zaidi lakini hugharimu kidogo na fundi yeyote huzirekebisha kwa funguo moja.

La tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, ni tairi. Kanuni za UCI hazikubali tairi yenye upana uliozidi milimita 33. Ndani ya upana huo mdogo mshindani hutafuta kila msaada: meno marefu kwa siku ya tope, meno mafupi kwa mchanga na majani makavu. Upepo hutiwa kidogo sana, karibu theluthi ya ule unaotiwa tairi za barabarani, ili mpira ujilaze na kuishika ardhi. Tairi za mabingwa hugundishwa kwenye ringi kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, kazi ya siku mbili. Siku hizi zipo pia tairi zisizo na tyubu, ambazo ndani yake hutiwa maji mazito ya kuziba matundu. Hizo hustahimili upepo mdogo na hazihitaji gundi. Mtu mwenye fedha kidogo akizielekeza kwenye tairi, atafaidika zaidi kuliko aliyenunua fremu nyepesi na kubaki na mpira uliochoka.

Gia ni jambo dogo kuliko linavyovumishwa. Mbele jino moja la duara la meno 40 linatosha, na nyuma msafara wa kuanzia meno 11 hadi 32. Vyombo vikiwa vichache, vitakavyoharibiwa na tope navyo huwa vichache.

Nikiwa na vipimo hivyo mfukoni, nilimwendea rafiki yangu, fundi baiskeli aliyetoka Lubumbashi, mwenye karakana ndogo karibu na mto. Huyu nimemheshimu siku zote kwa kazi yake na kwa Kiswahili chake, ambacho ni tofauti na changu kama ngalawa na jahazi, na vyote huelea. Yeye haiiti baiskeli, huiita kinga. Kwetu pwani kinga ni kile kinachomzuia mtu asidhurike. Nimewahi kumwambia hivyo, naye akajibu kwamba kwao ni hivyo hivyo, maana mwenye kinga hakudhuriwa na safari. Alikubali kufuatana nasi kwa malipo ya chai na chapati, na kwa wiki kadhaa tulitembea watatu, kila Jumamosi, kutazama baiskeli zilizotumika.

Tuliziona nyingi, lakini tatu zilistahili kufikiriwa.

Ya kwanza ilikuwa ya kaboni, nyeusi tii, na iling'ara. Ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, na mwenyewe alitaka euro 500. Binti yangu aliinyanyua kwa vidole viwili, akanitazama kwa macho ambayo mzazi yeyote anayajua. Ilikuwa nyepesi kweli, haikufika kilo 8. Fundi aliinama, akawasha tochi ya simu, akaikagua pale mhimili wa kiti unapoingia kwenye fremu. Akapitisha kucha. Akapita mara ya pili. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Iko muzuri, lakini iko na siri." Palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Huenda ulikuwa mkwaruzo wa rangi, na huenda ulikuwa ufa; kaboni haisemi mpaka siku inapovunjika. Mbali na hilo, breki zake zilikuwa za mtindo wa zamani, na tairi zake zilikuwa za kugundishwa, nazo zilikuwa zimekauka. Jozi mpya pamoja na gundi ingekula euro 150 kabla mtoto hajakanyaga pedali. Na siku ringi itakapochakaa, vifaa vya mtindo ule vimeanza kuadimika. Hiyo ilikuwa na bei rahisi, kwa maana kamili ya neno: kuinunua kungekuwa rahisi, na kila kilichofuata kingekuwa kigumu.

Ya pili ilikuwa mpya, dukani, kwa euro 680, na muuzaji kijana alitueleza kwa adabu kwamba ni ya changarawe lakini hufaa kwa kila kitu. Sikumlaumu, kwani baiskeli hizo zinafanana na za saiklokrosi kama mtu na binamu yake. Kwa mashindano ya kwanza ya mtoto wa miaka 12 zingetosha, na wengi huanza nazo bila aibu. Lakini hii ilikuwa na kilo zaidi ya 11, mwili wake ulikuwa mrefu kwa ajili ya safari za utulivu, na tairi zake pana zisingekubaliwa kwenye mstari wa kuanzia, zingebidi zibadilishwe. Pembetatu ya fremu ilikuwa ndogo, na bomba la juu liliinama sana. Fundi alimwomba binti yangu aipitishe begani, apande ngazi za duka, ashuke. Alipanda, akashuka. Alipoiweka chini alisugua shingo na hakusema neno. Ile ilikuwa baiskeli nzuri kwa kazi isiyokuwa yetu.

Ya tatu tuliipata katika kijiji kimoja upande wa Oudenaarde, eneo la mlima Koppenberg, ambao kila mwaka mapema Novemba mabingwa huupanda katika matope. Ilikuwa ya alumini. Rangi yake ilikuwa ya chungwa, ambayo binti yangu haipendi hata kidogo, na ilikuwa na mikwaruzo kila upande. Ilikuwa ya kijana aliyeshindana kwa misimu miwili akairefukia. Baba yake alitutolea kutoka bandani ikiwa imeoshwa, lakini hakuificha makovu yake. Alitueleza kila kovu lilipatikana wapi. Breki zilikuwa za diski, za waya. Mbele duara moja la meno 40. Uzito kilo 9 na nusu. Pamoja nayo kulikuwa na jozi ya pili ya magurudumu, yenye tairi za tope, zisizo na tyubu, ambazo meno yake yalikuwa bado yana ncha. Bei, euro 620.

Fundi alianza kazi. Alishika breki ya mbele akaitikisa baiskeli mbele na nyuma, kusikiliza kama gololi za shingo ya uma zimelegea. Alishika mikono ya pedali akaisukuma upande, kuona kama ekseli inacheza. Alizungusha kila gurudumu akitazama kama linapepesuka. Alilegeza mhimili wa kiti akauvuta, kwa sababu katika alumini mhimili usiopakwa grisi huweza kushikamana na fremu hata usitoke tena. Ulitoka. Alitazama kipande kidogo kinachoshika gia za nyuma, ambacho baiskeli ikianguka ndicho hupinda kwanza. Hakikuwa kimepinda. Mwisho alitoa kipimo cha mnyororo, kikazama hadi mwisho. Mnyororo ulikuwa umechoka, na mnyororo uliochoka ukiachwa hula meno ya gia. Pedi za breki nazo zilikuwa zimebaki nyembamba kama karatasi.

Mimi niliyaona hayo kuwa dosari. Fundi aliyaona kuwa bei. Alinivuta kando akanieleza kwamba kila kilichochakaa katika kinga hii ni kitu kinachouzwa kila duka, na kila kisichoweza kununuliwa ni kizima. Sentensi hiyo naipa uzito kuliko ushauri wote nilioupata, kwa sababu ndiyo iliyoyatenga maneno yangu mawili. Baiskeli ya bei rahisi na ya bei nafuu zote huuzwa kwa fedha chache. Ya kwanza huficha gharama katika kitu kisichorekebishika. Ya pili huionyesha gharama katika kitu ambacho fundi hukibadilisha mchana mmoja.

Tulipatana kwa euro 560. Mnyororo, pedi na nyaya mpya zilichukua 75. Jumla ikawa 635, na zikabaki 65, ambazo binti yangu alisema zitakuwa za kumnunulia Bibi zawadi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nilete habari hii katika ukurasa wa lugha badala ya ukurasa wa michezo.

Kwa miaka kama minne hivi binti yangu amekuwa akinielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiflemi. Hili si geni kwa wazazi wenzangu walioko ughaibuni. Mtoto hakatai lugha. Huiona tu kuwa ni lugha ya kuitwa mezani, ya kukumbushwa viatu, ya kuamkia wakubwa kwenye simu. Mambo anayoyapenda hayakai humo. Nami nilikuwa sijui mambo anayoyapenda yanaitwaje.

Jumamosi zile za kufuatana na fundi zilibadili hali, pasipo mtu yeyote kukusudia. Fundi hajui Kiflemi cha kutosha, na binti yangu hajui Kifaransa cha kutosha, kwa hiyo ikabidi wazungumze Kiswahili, tena si cha viatu na meza. Aliuliza hiki kinaitwaje, na kile. Nikaanza kuyatazama upya maneno ambayo nimekua nayo. Usukani ni wa jahazi, kabla haujawa wa gari au baiskeli. Tandiko ni la punda. Uma tunalia chakula. Gololi wanachezea watoto. Mnyororo ni wa mfungwa. Wazee wetu walipoletewa chombo hiki kigeni walikivunjavunja kwa macho, na kila kipande wakakipa jina la kitu walichokizoea baharini, njiani, jikoni na uwanjani. Kilichobaki bila mwenzake, kama breki na spoki, wakakiazima. Nilimweleza hayo tulipokuwa tukirudi kwa treni kutoka Oudenaarde, baiskeli ya chungwa ikiwa imeegemezwa mlangoni. Aliniambia kwamba baiskeli ya Kiswahili imetengenezwa kwa vitu vya watu. Alisema hivyo kwa Kiswahili.

Wiki iliyofuata alikuwa mazoezini, mimi nikiwa nimesimama pembeni ya njia nikitetemeka. Kulikuwa na kilima kifupi chenye tope. Alinifikia akihema, akauliza, "Baba, pale juu nibege au nipande?"

Kitenzi kubega hakimo katika kamusi yoyote. Alikiunda papo hapo kutokana na bega, kwa maana ya kuibeba baiskeli begani na kukimbia nayo, na wala hakujua kwamba ameunda kitu. Mimi ni mtu wa kuchunga sarufi, wasomaji wa hapa wananijua. Siku hiyo sikusahihisha. Nilimwambia abege. Mtoto anayeunda kitenzi yumo ndani ya lugha, hata kama anaishi maelfu ya kilomita mbali na mahali inapozungumzwa, na mimi kwa miaka minne nilidhani ninamwona mlangoni akitoka.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Tuliyatazama sebuleni, sisi wawili na fundi, na tukajaribu kuyatangaza wenyewe kwa Kiswahili, sauti ya televisheni ikiwa imezimwa. Tulikwama mara nyingi. Kundi kubwa la waendeshaji lililosongamana tuliliita msafara. Anayechomoka peke yake tukamwita mtoro, tukaona lina ladha ya mwanafunzi aliyekimbia shule, tukabadilisha kuwa mchomozi. Vipo vingine ambavyo hatukuvipatia jina. Wasomaji wenye maneno yanayotumika Mwanza, Eldoreti, Bujumbura au Goma, ambako watu huishi juu ya baiskeli na huzijua kuliko sisi, wanisaidie. Naamini mengi yapo tayari vinywani mwa mafundi, yanangoja mtu wa kuyaandika.

Kuhusu mashindano yenyewe, msomaji atataka kujua. Katika shindano la kwanza binti yangu alikuwa wa 23 kati ya wasichana 31. Alianguka mara moja mchangani, akainuka, akabega ngazi zote bila kusimama, na mnyororo haukuchomoka. Rangi ya chungwa bado haipendi. Desemba tulisafiri kwenda Tanga kama tulivyopanga, na huko nyumbani kwa Mama alimweleza bibi yake, kwa muda wa saa nzima na bila kunitazama nimsaidie, kila kipande cha baiskeli yake kinavyofanya kazi.

Kwa kuwa ukurasa huu haujazoea kuagana kwa nathari tupu, naacha beti mbili.

Mnunuzi usihisi, king'aacho chakufaa,
Rangi si jambo halisi, hufifia kama taa,
Ibebe kwanza kwa kasi, bega lisipokataa,
Nafuu si urahisi, nafuu ni manufaa.

Tope halina kiasi, hula chuma kama njaa,
Shuka, panda, kwa wepesi, mbio zako nusu saa,
Kuanguka si mkosi, ainukaye shujaa,
Nafuu si urahisi, nafuu ni manufaa.